Kijapani cha Kuombea Chakula

Watu wakisikia kwamba nilijua Kijapani kabla sijajua kusoma Kiswahili, wanacheka. Wacheke tu. Wanadhani palikuwa na mmisionari fulani, au mzungu wa mashamba ya chai mwenye mapenzi na watoto. Thubutu! Nilifundishwa na baba yangu mzazi, uani kwetu, kwenye vilima vya juu ya Mbeya ukielekea Tukuyu, miaka ya hamsini, na aliyekosea alilala na njaa.

Baba alikwenda Bama, huko Asia, na jeshi la Waingereza wakati wa vita kuu ya pili. Wenzake walirudi na makoti mazito na masanduku ya bati. Yeye alirudi na koti, sanduku, na hiyo lugha. Risasi hakuzipiga sana, alikuwa akikiri mwenyewe pombe ikishamwingia. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mateka wa Kijapani waliokuwa wagonjwa, ndani ya uzio wa miiba. Sasa mateka ana hadithi gani ya kumpigia mlinzi? Anataka maji. Anataka kula. Anataka kulala, anataka kwao. Basi baba akajifunza Kijapani cha kutaka, na kingine hakujifunza. Kusema asante hakujua, wala habari za asubuhi.

Alitufundisha kwa sauti ya sajini, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kusema maneno ya kueleweka. Kuna kutaka kwa aina mbili, alisema. Ukitaka kitu, unakitaja, kisha unasema hoshii. Mizu ga hoshii, nataka maji. Ukitaka kufanya jambo, unalishika tendo lenyewe na mwisho wake unaufunga kwa tai. Tabetai, nataka kula. Nomitai, nataka kunywa. Netai, nataka kulala. Kaeritai, nataka kurudi nyumbani. Na palikuwa na kanuni nyingine ambayo aliipenda kupita zote: Mjapani hamsemei mwenzake. Tai ni ya roho yako wewe. Ya jirani huijui, usiitie mdomoni. Sijui ni mateka gani alimwambia hayo, wala kama alimwelewa sawasawa, lakini kwetu ikawa sheria.

Jioni alikaa kwenye kigoda, chungu cha ndizi na maharage kiko mbele yake, na sisi tumesimama. Ukisema vizuri, unapakuliwa. Ukitia ulimi wako wa Kinyakyusa pale katikati, anakwambia, "Rudia." Ukikosea tena, chakula chako anapewa mbwa, na mbwa yule hakuwahi kuombeshwa kwa lugha yoyote. Mdogo wangu alikuwa hawezi kumaliza neno. Alisema "tabe," halafu macho yanajaa machozi. Nikijaribu kumsemea, kofi. "Kila mtu na roho yake!" Kisha anacheka, jamani, anacheka na kuniangalia kama mtu aliyekuonyesha jambo la maana sana. Nilimchukia baba yangu kwa kicheko kile kuliko kwa makofi.

Mama hakuwemo katika mchezo huo. Mama alikuwa Mhehe wa Kihesa, Iringa. Baba alimwoa aliporudi vitani, alipokuwa akifanya kazi huko mjini, akaja naye kwao milimani kwenye mvua isiyokwisha na lugha asiyoijua. Kinyakyusa alijifunza, tena kizuri. Kijapani akakikataa. Yeye alikula jikoni, na sisi akituwekea viazi vya kuchoma chini ya majivu, tunavifuata baba akishatoka. Alipohitaji chumvi, aliuza maharage yake gulioni akanunua. Alipohitaji kanga akavaa ile iliyochanika. Mbele ya mume wake hakutaka kitu, na hilo lilimkera baba kama jiwe ndani ya buti. Utamsikia, "Huyu Mhehe wangu ana kiburi cha kichifu. Iko siku atataka." Mama anaendelea kumenya ndizi.

Siku yenyewe ikafika. Dereva wa lori, Mhehe, mtu wa kwao mama, alisimamisha gari barabarani akapanda kilima kwa miguu mpaka uani kwetu. Akasalimia "Kamwene," mama akainuka pale pale, kwa kuwa salamu hiyo ilikuwa haisikiki kwetu hivi hivi. Dereva akasema bibi yuko kitandani, hali si nzuri, na anamtaja binti yake kila akiamka. Yeye anashusha mzigo Tukuyu, keshokutwa asubuhi anarudi Iringa, nafasi ipo mbele kwenye kiti. Alisema haya mbele ya baba, kwa adabu kabisa, akapewa maziwa, akanywa, akaaga.

Mama akamgeukia baba. "Baba watoto, umesikia."

"Nimemsikia dereva," baba akasema. "Wewe sijakusikia."

"Nataka kwenda kumwona mama yangu."

"Lugha unaijua."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko. Mama akaingia ndani akanipita, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Akawa anasaga ulezi. Mara nikasikia, chini chini, katikati ya mkwaruzo wa jiwe: kaeritai. Anasaga, anasema. Kaeritai. Kumbe alikuwa anayajua yote! Alikuwa akitusikia kila jioni kutoka jikoni, na masikio yake yalikuwa makali kuliko yetu. Nikafurahi, mimi mjinga. Nikajua mama ameshafika Iringa.

Kesho yake baba alikuwa na wenzake uani, wazee wa rika lake, wanakunywa pombe kwa mirija. Mama akatoka jikoni amejifunga kanga vizuri. Akasimama mbele yao. Akasema, sauti haikutetemeka hata kidogo, "Kaeritai."

Baba akaweka mrija chini. "Hawajakusikia hawa."

"Kaeritai."

"Kule Bama walikuwa wanasema wakiwa wamepiga magoti."

Mtu mmoja kati ya wale wazee akacheka kidogo, mwingine akaangalia kando. Mama akapiga magoti kwenye tope, maana mvua ilikuwa imepita. Akasema mara ya tatu. Alilisema vizuri mno, vizuri kuliko baba mwenyewe, ambaye nadhani hakuwahi kulisikia likitoka kwa mwanamke. Baba akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

"Basi umejua," akasema. "Sasa rudi jikoni."

Mama akabaki pale chini. "Nimesema ulivyotaka."

"Umesema. Na wale nao walisema, kutwa kucha. Unadhani kuna aliyepelekwa kwao?"

Hapo ndipo wakacheka wote, hata yule aliyekuwa ameangalia kando. Pombe ni kitu kibaya, lakini mimi siisingizii pombe. Walicheka kwa sababu ilikuwa tamu kumwona mwanamke mwenye kiburi amepiga magoti. Mama akanyanyuka, akapangusa magoti kwa kiganja, akaingia ndani. Sikumwona akilia. Niliona anafunga kitu kwenye kitambaa: kanga yake nyingine, sabuni, unga kidogo. Nikadhani anakunja nguo tu.

Sasa asiyejua mambo ya Wanyakyusa lazima aelezwe hapa. Kwetu, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Sikusema hawazoeani, nimesema hawaonani. Babu yangu, yaani baba yake baba, alikaa ng'ambo ya kijito, na alipokuja upande wetu alikohoa kwa nguvu tangu mbali. Mama akisikia kikohozi anaacha njia, anajificha kwenye migomba, anafunika kichwa mpaka mzee apite. Jina lake halitaji. Hata neno linalofanana na jina lake halitaji, analizungukia kwa maneno mengine. Miaka yote hiyo ya ndoa, mama na babu hawakuwa wamewahi kutazamana usoni. Mke akivunja mwiko huo, amemtia mkwe wake uchafu mkubwa. Halali tena kwenye boma lile. Anaondoka siku hiyo hiyo kwenda kwa ndugu zake, na harudi mpaka waje na ng'ombe wa kumsafisha mzee.

Asubuhi ya siku ya lori, babu akaja kama kawaida kuangalia ndama wake. Akakohoa. Nilikuwa naye mama njiani, tumebeba maji. Nikamvuta kanga, "Mama, babu." Akatua mtungi. Akaushusha mtandio wake kutoka kichwani, akauweka begani, akasimama katikati ya njia.

Babu alikohoa tena. Akatokeza kwenye kona, akamwona. Maskini mzee wa watu, akawa kama amekanyaga moto. Alirusha mkono akafunika macho, fimbo ikaanguka. Mama akamwita. Akamwita kwa jina lake, lote, jina la kuzaliwa na la baba yake juu, kwa sauti ambayo wanawake waliokuwa wakilima upande wa pili waliisikia. Kisha akamsalimia na kusema kwa Kinyakyusa kilichonyooka, "Ugonile, baba. Nataka kwenda kwetu."

Mweh! Yalipigwa mayowe mle bondeni ungedhani simba ameingia. Wanawake walikuja mbio, wakamzunguka babu kwa nguo zao asiendelee kuona. Shangazi mmoja akamtemea mama mate. Babu, akiwa bado amejiziba uso, akasema neno moja tu, naye alikuwa hajawahi kufoka maishani mwake: "Aondoke." Baba akaja amevaa shati nusu. Alipigiwa kelele na kila mtu kwa pamoja. Akasema hakutoa ruhusa. Akasema mke ni wake, haendi mahali. Babu akamuuliza, nani amekuomba ruhusa? Akilala hapa, nitakufa mimi. Na baba, aliyekuwa akiamuru mateka na watoto na mbwa, akainama akaanza kufunga vifungo vya shati lake.

Hapo ndipo alipomtazama mama, nikaona ameelewa. Kitambaa kilikuwa kimeshafungwa, kiko nyuma ya mlango. Honi ya lori ilisikika kule barabarani. Nilitaka kucheka. Nusura nicheke, nakwambia, nilikuwa na mama mwenye akili kuliko wote mle milimani!

Halafu nikakumbuka kwamba sisi ni wa ng'ombe wa mahari. Mtoto haondoki na mama, mtoto ni wa boma. Nikamkimbilia mama mteremkoni. "Na sisi je?"

"Nitarudi na ng'ombe," akasema bila kusimama. "Mdogo wako usimsemee. Mfundishe amalizie neno, asilale na njaa."

Mdogo wangu alikuwa anakuja nyuma anapiga kelele, anaanguka, anainuka. Mama alipanda lori. Hakugeuka. Watu wazima wamenieleza mara nyingi kwamba angegeuka asingeweza kuondoka. Sawa, nimesikia. Mimi nilikuwa mtoto nikauona mgongo wake tu, na nikajua kwamba katika mizani yake, mama yake mzazi ametuzidi uzito. Nilikasirika mpaka meno yaliniuma.

Tulipata habari kwa yule dereva. Mama alimkuta bibi hai. Alimnywesha uji kwa mkono wake, akamwogesha, akawa naye mpaka alipokata roho, akamzika. Alichokitaka alikipata chote. Sisi tulikaa na baba. Ule uchungu wa kushindwa na mkewe mbele ya kijiji aliumalizia kwetu. Kanuni ziliongezeka. Sasa hata kwenda kujisaidia tuliomba. Viazi vya majivuni havikuwepo tena, kwa hiyo nilimfundisha mdogo wangu kama nilivyoagizwa. Nilimfinya. Nilimshika midomo nikamfungia kwenye "tai" mpaka akaweza. Siku alipolisema lote bila kukosea, baba alimpakata magotini, akampa nyama kwa vidole vyake, na yule mtoto akamwegemea kifuani. Nilitamani kumpiga yule mtoto.

Mama alirudi wakati wa kuvuna mahindi. Tuliwaona kutoka mbali, yeye na mjomba, na ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe fupi. Mjomba alikuwa na rafiki yake upande wa Madibira, kwenye mbuga za Wasangu, na huko ndiko alikompata ng'ombe, wakamswaga kwa miguu mpaka kwetu. Mama alikuwa amekonda. Walifuata taratibu zote: walisimama ng'ambo ya kijito, wazee wakaenda kumtazama ng'ombe, babu akatuma mtu kusema amepokea, amekuwa safi, mke arudi nyumbani kwake. Akasema pia ng'ombe huyo aende akae kwetu, watoto wamekaa bila mama, wanywe maziwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata shangazi aliyetema mate alipiga. Mama akafunika kichwa chake, akapanda njia kuja uani, na mdogo wangu hakumtambua, akajificha nyuma yangu.

Baba alikuwa ameweka kigoda chake pale panapoingiliwa uani.

"Mzee amepata chake," akasema. "Mimi je?"

Mjomba akauliza, shemeji, unataka nini tena?

"Mimi sitaki kitu. Yeye ndiye anataka. Anataka kurudi nyumbani. Aseme." Akanyoosha mguu ukaziba njia. "Aseme, apite, yaishe. Sitasema habari za nyuma."

Na nadhani alikuwa anasema kweli. Ndicho kinachonichoma hadi leo. Nadhani angelisema, angepita, na yangekwisha. Mjomba akamgeukia mama, akamwambia kwa Kihehe maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: sema tu, dada, ni upepo wa mdomo. Nikawa nimeshafika pale. Nikasimama upande wa pili wa mguu wa baba nikamnong'oneza mama, eti amesahau! "Kaeritai, mama. Kaeritai." Mdogo wangu akasikia neno analolijua, akalisema kwa nguvu, vizuri kabisa, akingoja nyama.

Mama akamtazama yule mtoto. Akanitazama mimi. Niliona mdomo wake unafunguka, nikaona ulimi umeshafika mahali pake.

"Nililisema hapa hapa," akasema kwa Kiswahili, polepole. "Nilipiga magoti nikalisema. Silisemi tena."

"Mama!" nikapiga kelele. "Ni neno moja!"

"Mnakula?" akaniuliza.

Nikasema tunakula. Ilikuwa kweli. Sikujua kwamba anauliza ili ajue kama anaweza kutuacha. Ningejua ningedanganya, ningesema tunakufa njaa, ningelala chini nikaonyesha mbavu. Akatikisa kichwa kuitikia, kama mtu aliyejibiwa bei sokoni. Akamwambia mjomba aache kamba ya ng'ombe, ng'ombe si wake tena. Akageuka. Mjomba alimfuata akimshika mkono na kumsihi, akatutazama, akamsihi tena, mpaka wakashuka bondeni. Baba alibaki amenyoosha mguu. Alidhani atarudi. Alikaa vile mpaka kuku wakaingia kulala.

Kisha akaenda akamkamua yule ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mzuri, mpole, ana maziwa mengi kuliko wote wa kwetu. Baba akaja na kibuyu kimejaa povu, akakaa kwenye kigoda, akamimina kwenye kikombe cha bati. Hakutazama mtu.

"Sema," akasema.

Nilikuwa nimekwenda mbio juu na chini kutwa nzima, na koo lilikuwa limekauka kwa kulia. Nikanyoosha mgongo. Nikasema, "Nomitai," na sikuwahi kulisema vizuri kama siku ile. Akanipa kikombe, nikanywa chote.